Baba ameacha pombe tangu Ijumaa, leo anaongea na watu ambao hatuwaoni

#1 BintiMuyeye, Jumapili saa 2:10 usiku

Hamjambo. Mwenye kujua anijibu haraka tafadhali, niko Malindi.

Baba yangu ana miaka 58. Pombe ya mnazi anakunywa tangu sijazaliwa, na hii miaka sita ya mwisho ameongezea chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji. Ijumaa jioni palitokea maneno hapa nyumbani. Pesa za mahari ya mdogo wangu alikabidhiwa yeye, na zilipotakiwa hazikuonekana. Akaapa mbele ya ndugu zake hatagusa tena, na kweli hajagusa.

Jana asubuhi mikono ilimtetemeka mpaka mama akamshikia kikombe cha chai, na bado nusu ilimwagikia kifuani. Tukasema ni arosto ya kukosa pombe, itapita. Leo tangu alasiri anatoka jasho jingi, anachunachuna shuka akisema ni siafu, na anaongea na marehemu kaka yake. Anamuuliza kwa nini hakuja na baiskeli. Baba mdogo anasema hao ni koma, mizimu ya wazee, wanamdai, kesho apelekwe kwa mganga Kakuyuni akatazamiwe. Mama anasema apewe glasi moja tu atulie. Mimi nimekaa kizingitini na simu. Tufanye lipi?

#2 BodaMaweni, saa 2:14

Mpe kidogo atoe loki, ile hali mbaya ya kukosa pombe, dada. Mwili ukizoea kitu huwezi kuunyima ghafla. Nimeona wengi wakitulia hivyo.

#3 NesiBarani, saa 2:19

BintiMuyeye, mpeleke hospitali usiku huu. Si kesho.

Nimefanya kazi wodi ya wanaume miaka 11 na hali hiyo naijua. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, akikata ghafla, kutetemeka huanza ndani ya saa 6 hadi 24. Kifafa kinaweza kumpiga ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne ndipo huja kuona vitu, jasho, homa, moyo kwenda mbio. Hii ya mwisho inaua. Mkifika semeni wazi: amekunywa miaka mingapi, anakunywa nini, ameacha siku gani. Msione haya, kwa sababu wakidhani ni malaria muda utapotea. Glasi msimpe. Mtu asiyejitambua huvuta kinywaji mapafuni. Njiani akikakamaa mlazeni ubavu, na msimtie kijiko mdomoni.

#4 KahindiWaGanda, saa 2:30

Kwa heshima, nesi. Hospitali aende, sikatai. Ila mtu anayemuuliza marehemu habari ya baiskeli, hiyo si pombe peke yake. BintiMuyeye, babako aliuza minazi ya baba yake? Au kaka yake alizikwa bila kufanyiwa mambo yake? Koma wakisahaulika hawanyamazi, na hilo halipimwi kwa mashine.

#5 BintiMuyeye, saa 2:41

Tuko kwenye tuktuk. Kahindi, aliuza ekari mbili na minazi yake yote mwaka 2019. Nitarudi.

#6 MwanaAmu, saa 3:05

Mola amponye. BodaMaweni, ulivyosema kuhusu mwili kuzoea ni kweli, dawa yako ndiyo siiafiki. Hata katazo la pombe kwenye Kurani halikushuka siku moja. Kwanza Al-Baqara aya ya 219, kwamba madhara yake yanazidi manufaa. Kisha An-Nisaa aya ya 43, watu wasiikaribie sala wakiwa wamelewa, na sala ni tano kwa siku, kwa hiyo nafasi ya kulewa ikabana. Ndipo ikaja Al-Maida aya ya 90. Waliozoea walipewa njia. Huyu mzee amejikata kwa usiku mmoja, mbele ya ndugu, kwa aibu. Namhurumia sana.

#7 BodaMaweni, saa 3:12

Shekhe, nyinyi wa Amu, huko Lamu, mna punda tu, pombe mnaijulia wapi?

#8 MwanaAmu, saa 3:31

Wangu, usidanganyike na utulivu wa mji. Kwetu mlevi haonekani njiani, anakunywa chumbani na komeo limetiwa. Binamu yangu alikufa kwa ini. Macho yalikuwa manjano kama bizari, tumbo limejaa maji, miguu ukiibonyeza inabaki shimo. Matangani kila mtu alisema "ni homa ya manjano". Nami nikasema hivyo hivyo, nikijua. Mkewe alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Miaka saba sasa na lile jicho bado naliona.

#9 BintiMuyeye, Jumatatu saa 1:30 asubuhi

Tulifika, na kifafa kilimpiga tukiwa bado kwenye benchi. Nikawaambia kila kitu kama #3. Wakamchoma diazepamu, wakamtia vitamini B1, kisha dripu. Daktari aliuliza nani kanifundisha kutaja siku aliyoacha. Sasa amelala. Mkono mmoja wameufunga kitandani kwa bandeji kwa sababu alikuwa anang'oa sindano. Mama ameushika huo mkono tangu usiku, hataki hata chai. Nesi, Mungu akuzidishie.

#10 NesiBarani

Amina. Hiyo B1 muulize daktari aendelee nayo akitoka. Mtu wa pombe anakula kidogo, na utumbo wake haunyonyi vizuri. Ikiisha mwilini, kumbukumbu zinaharibika kabisa, na zingine hazirudi. Siku tatu nne bado ni za kumwangalia.

#11 DadaWaGede, Jumatatu saa 4 asubuhi

Nimesoma uzi huu toka usiku. Mume wangu ni fundi wa samani, kitanda alichomtengenezea mama yangu hakijalegea msumari mpaka leo. Kazi ipo, hajakosa. Lakini mimi hali ya usiku naijua kwa lango. Likifunguliwa taratibu, amekunywa kidogo. Likigongwa mara mbili, watoto wanajua wenyewe: mkubwa anambeba mdogo, wanaingia chumba cha nyuma, wanazima taa. Hakuna aliyewafundisha. Mdogo ana miaka minne. Juzi upepo ulipiga lango mchana, baba yao yuko kazini, nikamwona yule mdogo anakwenda kuzima taa ambayo haikuwashwa.

Pesa za unga nafunga kwenye pindo la leso na kulalia. Swali langu: kuna jirani ananiuzia dawa ya ungaunga nitie kwenye mchuzi bila yeye kujua, eti ataichukia pombe. Nitie?

#12 NesiBarani

Usitie, nakuomba. Dawa halisi ya namna hiyo ipo, inaitwa disulfiramu. Mtu akiinywa kisha akagusa pombe, uso unawaka, anatapika, moyo unakwenda mbio, presha inaanguka. Hupewa mtu anayejua na aliyekubali, tena akifuatiliwa. Ukimtilia kwa siri naye akaenda mangweni, kunakouzwa mnazi, unaweza kumuua bila kukusudia. Na hiyo ya jirani hatujui hata ni nini.

Ushauri wa pombe na dawa za kulevya, piga 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi, ni bure. Na kama mkono wake unakufikia wewe au watoto, 1195 nayo ni bure. Usingoje aache pombe kwanza ndiyo uwe salama.

#13 DadaWaGede

Sitatia. Asante. La pili nalo nimelisikia.

#14 Mgema14, Jumatatu jioni

Salamu. Mimi ni mgema wa Kakuyuni, minazi 14, napanda asubuhi na jioni. Naona mnazi unabebeshwa lawama na hakuna wa kuutetea.

Karara ikiwa bado imefumba naifunga, nakata ncha kwa kotama, nakinga. Maji yanayodondoka ni matamu, mtoto anakunywa. Yakikaa saa mbili tatu yanaanza kuchemka yenyewe kwa hamira ya hewani, jioni ni tembo, na ukiliacha siku mbili tatu linaelekea kuwa siki ya kupikia. Nguvu yake ni kama asilimia nne mpaka sita. Tembo lilikuwa la mahari, la kadzama, yaani tembo la heshima kwa wazee, la kumiminia koma, na kijana hakulishika mpaka aruhusiwe. Watoto wangu wamesoma kwa vidato vya ile minazi. Mzee huyu kaumizwa na chang'aa, si na sisi.

#15 Mwalimu_Mambrui

Mgema, hapo kwa wazee na kijana kuruhusiwa umenikumbusha mengi, ila hesabu lazima niifanye. Lita nne za tembo la asilimia tano zina mililita 200 za pombe tupu. Nusu lita ya pombe kali ya asilimia 40 ina mililita 200 vilevile. Ini halijui ni la mahari au la kificho. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 pombe ilihusika na vifo milioni 2.6 duniani, na humo bia imo, mvinyo umo, vya kienyeji vimo.

Mimi mlevi namjua kwa mtoto wake. Analala darasani saa tatu asubuhi kwa sababu usiku nyumbani hakulaliki. Na hizi disko matanga zetu za Kilifi, ambako msiba wa mtu unageuzwa ukumbi wa pombe na wasichana wa darasa la saba wako nje mpaka alfajiri, nimezipigia kelele mpaka nikaitwa adui wa maiti.

#16 BintiMuyeye

Mgema, sikuchukii. Lakini baba kabla ya chang'aa alikuwa anamaliza dumu la lita tano kwa siku. Mwalimu, asante, sijawahi kuihesabu hivyo.

#17 KahindiWaGanda

Kakuyuni tembo lao lina maji toka zamani, hiyo hesabu ya mwalimu ifanyeni kwa la Ganda.

#18 Mgema14

Kahindi, kwenu Ganda minazi mmekata mkauza mbao, hilo tembo mnagemea nguzo za stima?

#19 Mvuvi_Shela

Rudini kwenye mada. Hii ni mambo ya kazi. Kusi likivuma bahari imechafuka miezi na miezi, mvuvi wa mashua ndogo hana pa kwenda, hoteli nazo zinafunga msimu ukiisha. Utamkuta mangweni anakunywa kwa deni. Kaskazi likirudi, samaki wapo, pesa ya kwanza inalipa deni la mangwe, mke anapata kinachobaki. Nipeni kiwanda kimoja Malindi muone.

#20 DadaWaGede

Kaka Mvuvi, wangu ana kazi mwaka mzima. Akipata zaidi anakunywa zaidi.

#21 BodaMaweni

Mimi naona ni sheria. Ile ya mbunge Mututho ya 2010 ilipiga marufuku chang'aa, ndiyo watu wakaanza kujificha na kuuziwa sumu.

#22 Mwalimu_Mambrui

Umeigeuza, BodaMaweni. Chang'aa ilipigwa marufuku 1980. Sheria ya 2010 ndiyo iliyoondoa lile katazo, kwa sharti itengenezwe kwa leseni na viwango. Ndiyo hiyo pia iliyoweka saa za baa, siku za kazi kuanzia saa 11 jioni mpaka saa 5 usiku, na marufuku ya kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Leseni sasa ziko mikononi mwa kaunti. Uzitembelee mangwe zetu saa tatu asubuhi uone hizo saa zinavyofuatwa.

#23 BodaMaweni

Sawa mwalimu, nimekosolewa. Lakini sumu ipo.

#24 NesiBarani

Sumu ipo. Ni methanoli, pombe ya viwandani, anayetaka faida ya haraka huichanganya. Ini linaigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa jicho, ndiyo mtu anaamka na kusema "mbona hamwashi taa". Mei 2014 makumi ya watu walikufa kwa siku chache huko Embu, Kiambu, Kitui, wengine wakapofuka. Februari 2024 ikarudia Kirinyaga. Ukiona mtu amekunywa na macho yanaingia ukungu, hospitali bila kungoja asubuhi.

#25 MiakaMinne, Jumanne usiku

Huwa nasoma tu, leo nimeshindwa kunyamaza.

Babu yangu alikunywa, baba alikunywa, nami nikaanza nikiwa na miaka 13, nikitumwa mangweni na dumu nikaonja njiani. Wanasayansi waliochunguza mapacha wanasema karibu nusu ya hatari hii ni ya kurithi. Naamini. Lakini ndugu yangu wa tumbo moja hajaonja maishani. Nimewasikia wote hapa: koma, kazi, sheria, tembo, damu. Mimi nilikuwa na hayo yote, na siku naacha hakuna hata moja lililokuwa limebadilika.

Nilichokuwa nacho ni mtu mmoja wa kumpigia simu saa tisa usiku. Alikuwa fundi viatu aliyeacha kabla yangu. Hakunihubiria. Alikuwa anauliza, "umekula?" Basi tunaongea habari ya chakula mpaka kunakucha. Baadaye nikaambiwa ndivyo hata vile vikundi vya walioacha vilivyoanza, mwaka 1935 huko Akron, Marekani, walevi wawili wakashikana.

Kinachoniuma ni hiki. Hapa Malindi aliyeshikwa na unga, yaani heroini, ana kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia kuuacha, tangu 2015. Anakwenda kila siku, anajulikana kwa jina, watu wanasema ni mgonjwa. Wa pombe anaambiwa ni kupenda kwake. Na tuko wengi kuliko wao.

#26 Mvuvi_Shela

Kaka, sasa kama hakuna kilichobadilika, uliacha kwa nini?

#27 MiakaMinne

Binti yangu alikuwa na daftari. Nilidhani ni la shule. Kumbe aliandika kila siku niliyoahidi kuacha, tarehe na jina la niliyemuapia. Kurasa tatu na nusu. Lakini kaka, sitaki kukudanganya, baada ya kuliona nilikunywa wiki nyingine mbili.

#28 SinaJina

Mimi ni mama wa watoto watatu. Nyote mnaongea "mzee", "mume", "baba". Mimi naficha chupa kwenye debe la mchele. Mwanamume akilewa anabebwa nyumbani kwa baiskeli, mimi nikijulikana nitafukuzwa na watoto nitanyang'anywa. Nataka kujua tu: aliyesema kukata ghafla kunaua, na mimi imo?

#29 NesiBarani

Imo, dada yangu. Na mwili wa mwanamke una maji machache, kiasi kilekile kinamwumiza zaidi na ini linaharibika mapema. Usikate peke yako leo usiku. Nimekuandikia faraghani, nijibu utakapoweza, hata saa nane za usiku.

#30 MwanaAmu

SinaJina, hapa hakuna atakayekuuliza jina.

#31 BintiMuyeye, siku ya 12

Nimerudi. Baba katoka Jumamosi. Amekonda, kola ya shati inamzunguka. Anatembea kwa kushika ukuta lakini ananijua, anamjua kila mtu. Jana alishika kikombe mwenyewe, kwa mikono miwili. Tuliokuwa ukumbini tulijifanya hatuoni.

Kuna mgema hupita kwetu na baiskeli saa moja asubuhi, anapiga kengele. Baba akiisikia anaingia ndani na kukaa kitandani mpaka ipite. Mama alimfuata yule mgema kumwomba apite njia ya msikitini. Siku mbili alipita huko, ya tatu kengele ikarudi. Simlaumu, wateja wake wako huku.

Pesa za mahari hazijaonekana. Mdogo wangu hasemi na baba. Anamwekea chakula, anageuka.

Lililonirudisha ni hili. Baba mdogo ameshapanga: Jumapili tumimine tembo kwenye kigango cha babu, ile nguzo ya mti ya kumkumbuka, kwa ajili ya ile ardhi iliyouzwa. Na baba ndiye mkubwa aliyebaki. Yeye ndiye wa kushika kikombe, kuonja kwanza, kisha kumimina. Ameambiwa na hajajibu chochote, tangu jana anafagia ua tu. Kahindi, wewe unayejua, maji yanaweza?

#32 KahindiWaGanda

Nimefurahi amerudi, kwa moyo wote. Lakini dada, koma wanadai walichozoea. Maji ni ya kunawa. Mwambie babako mdogo ashike kikombe kwa niaba yake.

#33 BintiMuyeye

Nilimwambia. Anasema aliyeuza ndiye wa kusema.

#34 MiakaMinne

Asishike. Siku ya 12, harufu peke yake inatosha. Mimi mwezi wa pili nilipita nyuma ya mangwe nikajikuta nimekaa ndani, sikumbuki kuamua. BintiMuyeye, namba yangu nimekutumia faraghani, mpe baba.

#35 Mgema14

Mwaka wa njaa minazi ilipokauka hatukuwa na tembo. Babu yangu alimimina maji ya dafu moja, lililokuwa limebaki. Nilikuwepo, mdogo, nimeshika mundu. Aliongea na wenyewe muda mrefu kuliko siku zote.

#36 KahindiWaGanda

Huo ulikuwa mwaka wa njaa. Sasa tembo lipo.

#37 Mgema14

Lipo, na mimi ndiye ninayeligema. BintiMuyeye, Jumapili madafu nitaleta mimi, matano. Niandikie ni kwa wapi Muyeye.

#38 BintiMuyeye

Nyuma ya shule, uliza nyumba yenye mkwaju. Njoo mapema, kabla ya kengele.